Mgonjwa Huulizwa Uji: Uhakiki wa Sauti ya Mwenzi katika Maandishi ya Maradhi

Utangulizi

Methali isemayo "mgonjwa haulizwi uji" hufundishwa darasani kama methali ya huruma. Aliyechoka asisumbuliwe kwa maswali, apewe anachohitaji. Mdomo wa mgonjwa ni mchungu, na ukimwuliza kama atakunywa uji atasema hapana hata kama tumbo ni tupu. Basi mpikie, upoze, umnyweshe. Sina ugomvi na methali hii inapohusu uji. Ugomvi wangu unaanza inapotoka jikoni na kuingia katika chumba cha daktari, pale mume anapoulizwa mbele ya mkewe kama mkewe aendelee na dawa kali, apigwe mionzi au arudi nyumbani kutulizwa maumivu, naye akajibu bila hata kumtazama.

Insha hii inahusu hali moja mahususi: saratani ya matiti ambayo imekwisha kutoka kwenye titi na kufika kwenye mifupa, mapafu, ini au ubongo. Wataalamu huiita hatua ya nne. Nimeichagua kwa sababu katika hali hii uamuzi hauishi. Ugonjwa unapogunduliwa mapema, njia kwa kawaida huwa imenyooka zaidi: uvimbe uondolewe, tiba ya kukamilisha ifuate, na lengo ni kupona. Katika hatua ya nne, tiba hulenga kurefusha maisha na kupunguza mateso. Kila baada ya miezi michache swali hurudi: tuendelee na dawa hii, tuibadilishe, au tupumzike? Kwa kuwa swali linarudi, suala la nani analijibu linakuwa zito kuliko jibu la siku moja.

Nitasoma maandishi manne. Mawili ni ya Kiswahili: Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858, na shairi la Shaaban Robert liitwalo "Amina". Mawili ni ya Kiingereza: A Grief Observed cha C. S. Lewis, kilichotoka mwaka 1961, na A Burst of Light cha Audre Lorde, cha mwaka 1988. Hayakuandikwa kujibizana. Nimeyaweka pamoja kwa sababu yanaonyesha pengo. Kiswahili tunachosomeshwa kina maneno mazuri ya kumtunza mwenzi, na maneno mazuri ya kumlilia. Maneno ya kuamua pamoja naye angali hai ni haba katika vitabu vya mtaala wetu. Hoja yangu ni kwamba kazi ya mwuguzaji ni kuubeba uamuzi wa mgonjwa, na kwamba lugha tunayotumia inaweza kumsaidia kufanya hivyo au kumpokonya mgonjwa uamuzi huo bila yeyote kutambua.

Kuuguza na kuponya

Tuanze na neno lenyewe. Kitenzi uguza kimetokana na ugua kwa kiambishi cha kusababisha, kama punguza kutokana na pungua, au tuliza kutokana na tulia. Kwa umbo lake, anayeuguza ni yule "anayemfanya mtu augue". Wengi wetu tuliojifunza Kiswahili baada ya lugha za nyumbani tulicheka tulipolikuta neno hili mara ya kwanza: mbona wema umevishwa nguo ya ubaya? Lakini tukilitazama vizuri, umbo hili linasema jambo la kweli. Halisemi kwamba mwuguzaji anamfanya mtu apone. Kwa hilo tuna ponya. Halisemi kwamba anatoa dawa. Kwa hilo tuna tibu na ganga. Linasema kwamba kuugua ni shughuli ya mgonjwa mwenyewe, na mwuguzaji anamwezesha kuipitia. Mtenda anabaki kuwa mgonjwa.

Hapa Uganda, Waganda humwita anayekaa na mgonjwa wodini omujjanjabi. Ndiye anayefua, anayepika nje, anayelala kwenye mkeka kando ya kitanda, anayetumwa duka la dawa. Kwa kuwa yuko hapo daima na ana nguvu za kusimama, ndiye pia mtu ambaye wahudumu humgeukia wanapotaka jibu la haraka. Hivyo kazi ya mikono huvuta nyuma yake mamlaka ya kinywa. Hakuna aliyekaa kikao kuamua iwe hivyo. Ndiyo maana naona ni kazi ya uhakiki kuchunguza maandishi yanayotufundisha maana ya kumtunza mwenzi, kwa sababu tunafika wodini tukiwa tumekwisha kufundwa nayo.

Utendi wa Mwana Kupona: mgonjwa anayesema

Hakuna maandishi ya Kiswahili yanayotajwa zaidi kuhusu utunzaji wa mwenzi kuliko utendi huu. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate alikuwa mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyempinga Sultani Seyyid Said wa Unguja. Alimtungia bintiye, Mwana Hashima, wasia wa jinsi ya kuishi na mume. Wahakiki wengi wamekwisha kuujadili kwa upande wa dini na wa jinsia, nami sitayarudia yote. Nataka kuonyesha mvutano mmoja tu uliomo ndani yake.

Utendi unaagiza utunzaji wa kimya. Mume akilala asiamshwe wala sauti isipazwe. Akiamka akute chakula tayari. Akandwe, aogeshwe, afukizwe manukato. Katika ubeti mmoja binti anaagizwa amtunze mumewe kama mtoto mdogo ambaye hajajua kusema. Picha hiyo ni nzuri kwa upole wake, lakini ndani yake mna methali ya uji yote kamili. Mtunzwaji bora ni asiyesema, na mtunzaji bora ni anayebashiri haja kabla haijatamkwa. Utunzaji huu unawafaa watu wawili wenye afya, ambao mmoja amechoka kwa siku moja. Mtu mwenye maradhi ya miaka, ambaye haja zake za leo si za jana, hawezi kutunzwa kwa kubashiriwa.

Sasa tutazame ni nani anayesema. Mwanzoni mwa utendi, mama anamwita binti aketi karibu naye akiwa na wino na karatasi. Anaeleza kwamba amekuwa mgonjwa kwa mwaka mzima, na kwamba katika muda huo hakupata nafasi ya kumwambia binti yake neno jema. Mumewe alikwisha kufariki, mwaka 1856. Aliye kando ya kitanda ni binti. Mwishoni mwa utendi anamwomba Mungu, na kuponywa maradhi yake ni sehemu ya maombi hayo. Yeye mwenyewe alifariki yapata mwaka 1860. Kwa hiyo maandishi yetu mashuhuri zaidi kuhusu kumtunza mwenzi yalitungwa na mwanamke mgonjwa ambaye hakuwa na mwenzi wa kumtunza, na ambaye alidai asikilizwe na kuandikwa.

Nadhani hapa ndipo utendi unapofundisha zaidi ya mausia yake. Yaliyomo yanasema: mtunze kama asiyejua kusema. Hali ya utungaji inasema: keti, shika kalamu, andika ninachokuambia. Mwana Hashima, katika beti hizo za mwanzo, hafanyi kazi ya kukanda wala kufukiza. Anaandika maneno ya mgonjwa. Kama ningeulizwa kielelezo cha mwuguzaji katika fasihi yetu, ningemtaja binti huyo na kalamu yake kabla ya kutaja ubeti wowote wa mausia. Tunapoufundisha utendi huu kwa kuruka utangulizi wake ili tufike haraka kwenye "wajibu wa mke", tunamnyamazisha mgonjwa aliyeutunga.

"Amina": nafsi ya pili iliyochelewa

Shaaban Robert alimtungia mkewe Amina shairi la maombolezo ambalo wanafunzi wengi wa Kiswahili wanalijua kwa moyo. Mshairi anazungumza na marehemu moja kwa moja, anamwombea makazi mema, na kibwagizo kinashika wazo la fundo la mapenzi lisilofunguka. Kwa umbo na kwa hisia ni miongoni mwa mashairi bora ya mapenzi ya ndoa katika Kiswahili, na uzuri wake unatoka hasa katika nafsi ya pili: "wewe" anatajwa kana kwamba angali katika chumba kile kile.

Sitaki kulilaumu shairi kwa jambo ambalo halikukusudia kulifanya. Maombolezo huanza baada ya kifo, na haihitajiki yaeleze ugonjwa. Ninachouliza kinatuhusu sisi wasomaji. Mume wa Kiswahili tuliyemsoma anazungumza na mkewe kwa uwazi mkubwa kabisa wakati mke hawezi tena kujibu. Hakuna hatari katika mazungumzo hayo. Mke hawezi kusema kwamba amechoka, kwamba anaogopa sindano kuliko kifo, au kwamba pesa za shamba zisiuzwe kwa ajili yake kwa kuwa mtoto wa mwisho bado anasoma. Mpenzi msomaji, hebu fikiria shairi hilohilo likiwa limetungwa miezi sita mapema, likiwa na mafungu ya majibu ya Amina. Lingekuwa shairi gumu zaidi kutunga. Ndilo tunalolihitaji.

Lewis na hofu ya kuumba mke wa kufikirika

C. S. Lewis, mwandishi na mhadhiri wa Uingereza, alimwoa mshairi Mmarekani Joy Davidman kwa ndoa ya serikali mwezi Aprili 1956, ili mama huyo apate kubaki Uingereza. Mwezi Oktoba mwaka huohuo Joy alianguka, mfupa wa paja ukavunjika, na madaktari wakagundua saratani ya titi iliyokwisha kuingia mifupani. Alipigwa mionzi na kuondolewa ovari. Tiba hiyo ya pili ilikuwa na sababu yake: tangu daktari George Beatson alipotoa taarifa zake mwaka 1896, ilijulikana kwamba baadhi ya saratani za matiti hupungua homoni za ovari zikikatwa. Leo wagonjwa wengi wa aina hiyo hupewa vidonge vya kuzuia homoni, kama tamoksifeni. Tarehe 21 Machi 1957 wawili hao walifungishwa ndoa ya kanisa Joy akiwa kitandani hospitalini, ikidhaniwa kwamba amebakiza siku chache. Akapata nafuu, akatembea tena, wakaishi pamoja miaka mitatu. Saratani ilirudi mwaka 1959. Aprili 1960, wakijua imerudi, walisafiri hadi Ugiriki, nchi ambayo Joy alitamani kuiona. Alifariki tarehe 13 Julai 1960.

A Grief Observed ni madaftari aliyoandika Lewis baada ya hapo, yakachapishwa kwa jina la bandia, N. W. Clerk. Mke anatajwa kwa herufi moja tu, H. Kitabu hiki hufahamika kama kitabu cha majonzi na cha mashaka ya imani. Mimi nakisoma kama kitabu cha mwuguzaji. Lewis anakumbuka namna matumaini yalivyokuwa yakiinuliwa na kuangushwa: uchunguzi uliokosea, picha za eksirei, nafuu zisizotarajiwa. Anasema pia kwamba mtu hakutani na "saratani" kama kitu kizima; hukutana na saa hii na saa ile, nyingine mbaya, nyingine nzuri ajabu. Kwa mtu anayeamua kuhusu tiba, wazo hilo lina uzito wa vitendo. Swali la kama mgonjwa "anapigana na saratani" halijibiki. Swali la kama dawa hii itamwacha alale usiku, au itamfunga hospitalini siku ngapi kila mwezi, linajibika.

Lakini sehemu inayonigusa zaidi ni hofu anayoieleza Lewis kuhusu kumbukumbu. Anaogopa kwamba kidogo kidogo atakuwa anachagua ya kukumbuka, na H. wa kichwani mwake atakuwa mwanamke wa kufikirika, asiyempinga wala kumsahihisha. Anasema hayo kuhusu marehemu. Nadhani jambo hilo huanza mapema zaidi, mgonjwa angali hai. Mume aliyekaa miezi wodini hujenga kichwani mke wake wa ugonjwa: shujaa, mvumilivu, anayetaka kujaribu kila kitu. Halafu humjibia daktari kwa niaba ya mwanamke huyo wa kichwani. Aliye kitandani husikiliza.

Safari ya Ugiriki inaonyesha kinyume chake. Kwa hesabu ya ugonjwa, mtu ambaye saratani imemrudia mifupani hana sababu ya kupanda vilima vya Athene. Safari hiyo ilitokana na kumwuliza mgonjwa anataka nini, na kulikubali jibu ingawa lilikuwa na hatari. Hata hivyo kitabu cha Lewis kina upungufu mmoja ambao mhakiki hapaswi kuuficha: kila neno la Joy linatufikia kupitia kwa mumewe. Joy alikuwa mwandishi mwenye vitabu vyake kabla hajamjua Lewis, na humu amebaki herufi.

Lorde na vita vya nani

Audre Lorde, mshairi Mmarekani mweusi, alikatwa titi mwaka 1978, akaandika The Cancer Journals. Mwaka 1984 aliambiwa kuwa ana uvimbe kwenye ini. A Burst of Light ni shajara ya miaka iliyofuata. Anaeleza jinsi daktari bingwa mmoja alivyomshinikiza akubali mara moja kuchukuliwa kipande cha ini kwa uchunguzi, kwa namna iliyoonyesha kwamba maswali yake hayatakiwi. Alikataa, akasoma, akauliza wengine, akaenda Berlin kufundisha kama alivyokuwa amepanga. Baadaye alitafuta tiba katika kliniki ya Arlesheim, Uswisi. Alifariki mwaka 1992.

Sitaji uamuzi wake kama mfano wa tiba. Mgonjwa mwingine angeweza kukubali uchunguzi ule kwa sababu zilezile za kujiheshimu, na pengine angepata dawa iliyomfaa zaidi. Jambo la uhakiki ni nafsi ya usimulizi. Katika shajara hii "mimi" ndiye anayeuliza, anayekosa usingizi, anayebadili mawazo. Watu wanaompenda wapo tele katika kurasa, wanasafiri naye na kukaa naye, lakini hawamalizi sentensi zake.

Lorde pia anatusaidia kuhusu sitiari ya vita. Susan Sontag, katika Illness as Metaphor cha mwaka 1978, alipinga lugha ya kijeshi katika kuzungumzia saratani. Yeye mwenyewe aliwahi kuugua saratani ya matiti. Lorde, kinyume chake, alijiita mpiganaji na akajivunia. Nani ana haki? Naona wote wawili, tukizingatia nani anatamka. Mgonjwa akisema "napigana", amejichagulia picha ya kumpa nguvu, na anaweza kuiweka chini siku akichoka. Mume akimwambia "pigana, usikate tamaa", picha imekuwa amri, na kupumzika kumekuwa usaliti. Kampeni zetu za kila Oktoba zimejaa amri za namna hii: mashujaa, washindi, waliopona. Ni kampeni za lazima, kwa kuwa zinawahimiza wanawake kuchunguzwa mapema. Mwanamke wa hatua ya nne hana nafasi katika mabango hayo, ingawa anaweza kuishi miaka na kila mwaka ana uamuzi wa kufanya.

Kiambishi "tu-" wodini

Mwaka jana niliombwa kutafsiri kati ya daktari aliyezungumza Kiingereza na mume na mke kutoka Kivu, wanaoishi Kampala kama wakimbizi. Kiswahili ndiyo lugha waliyokuwa nayo, na mimi ndiye niliyekuwa karibu. Daktari alieleza kwamba saratani ya mama imetoka kwenye titi na kufika kwenye uti wa mgongo. Alitaja njia mbili: kuanza awamu mpya ya dawa ya dripu, ile wengi huiita kemo, au kupiga mionzi mgongoni kwa ajili ya maumivu na kumpa vidonge vya homoni. Baba alijibu kabla sijamaliza kutafsiri. "Mwambie daktari tutapigana. Tutafanya yote. Tumeamua." Nilitafsiri kama ilivyosemwa, na daktari akaanza kuandika.

Mama alisema, "Baba watoto, acha kwanza niulize." Kisha akanigeukia: "Mwanangu, umuulize daktari: ile dawa ya maji itafanya mgongo uache kuuma, ao hapana?"

Daktari aliweka kalamu chini. Akaeleza kwamba dawa ya dripu huenda ikapunguza kasi ya ugonjwa, lakini kwa maumivu ya mgongo mionzi ingesaidia upesi zaidi. Mama akauliza itachukua siku ngapi, na kama ataweza kukaa kwenye gari hadi nyumbani. Yalikuwa maswali ya mtu anayejua anachokitafuta. Baba alinyamaza kidogo, akatoa daftari la mtoto mfukoni, akaniomba nimtajie jina la vidonge herufi kwa herufi. Waliyoamua baadaye ni yao na sitayaeleza. Nataka kubaki kwenye sarufi.

Kiambishi tu- cha Kiswahili hakitofautishi "mimi na wewe" na "mimi na wengine bila wewe". Luganda nacho ni vivyo hivyo: tusazeewo, tumeamua, haisemi nani alikuwapo. Ndiyo sababu nafsi ya kwanza wingi inafaa sana kuficha. Baba alisema "tumeamua" kwa mapenzi, akijihesabu pamoja na mkewe. Daktari alisikia ridhaa ya mgonjwa. Mgonjwa alikuwa bado hajasema neno. "Ni-" ya mama katika "acha kwanza niulize" ilikata uzi huo, na mara tu ilipokata, baba alipata kazi nyingine, naye alionekana kuijua: kuandika. Nilimkumbuka Mwana Hashima na wino wake.

Pingamizi

Mhadhiri anaweza kuniambia kwamba naleta ubinafsi wa Magharibi. Kwetu ugonjwa ni wa ukoo. Wanaolipa ni kaka, mjomba, watoto wa Arua na Nairobi. Anayelipa hana neno? Tena wapo wagonjwa wasiotaka kuambiwa, na wapo wanaosema kwa hiari, "mwulizeni mume wangu."

Nakubali sehemu kubwa ya pingamizi hili. Uamuzi wa tiba katika nchi hii ni uamuzi wa fedha na wa umbali. Taasisi ya Saratani ya Uganda ilianzishwa Mulago mwaka 1967, na kwa muda mrefu nchi ilitegemea mashine moja tu ya mionzi. Ilipoharibika kabisa mwaka 2016, baadhi ya wagonjwa walilazimika kwenda Nairobi hadi mashine mpya ilipoanza kazi mwaka 2018. Mtu asiye na nauli hakuwa na uamuzi wa kufanya. Lakini si kila chaguo limefungwa. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na Daktari Anne Merriman mwaka 1993, ilieneza matumizi ya mofini ya maji kwa bei nafuu, na tangu mwaka 2004 sheria imewaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuiagiza kwa wagonjwa. Tiba shufaa ni njia kamili ya tiba, na mtu anaweza kuipata pamoja na dawa za saratani. Familia inayodhani kwamba kuiomba ni kukata tamaa humnyima mgonjwa kitu kilichopo.

Kuhusu ukoo, najibu kwa methali nyingine: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii ni yetu kama ile ya uji, na haina lolote la Magharibi. Haisemi mwenye kitanda aachwe peke yake. Inasema ujuzi wa kitanda uko kwake, na mwenye kutaka kusaidia lazima amwulize. Mgonjwa akisema "mwulizeni mume wangu", ameulizwa na amejibu. Mume sasa ana idhini, na anaweza kuirudisha wakati wowote. Akisema hataki kujua zaidi, nalo ni jibu. Na kama shamba linauzwa kwa ajili yake, ana haki ya kujua kabla halijauzwa, kwa sababu wanawake wengi wangependelea shamba libaki.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba fasihi tunayosomeshwa imetupa mtunzaji anayebashiri na mjane anayelia, na kwamba katikati yao kuna mtu tusiyemwona vizuri: mwenzi anayekaa kando ya kitanda akiuliza. Utendi wa Mwana Kupona unaye, lakini amefichwa katika beti za mwanzo. Lewis anamkaribia anapoogopa kumwumba mke wa kufikirika. Lorde anatuonyesha mgonjwa anayestahili mwenzi wa namna hiyo.

Napendekeza mambo mawili kwa wenzangu na kwa wahadhiri wetu. Kwanza, utendi ule usomwe darasani kuanzia ubeti wa kwanza, na mwanafunzi aulizwe nani mgonjwa na nani anaandika, kabla ya kuulizwa wajibu wa mke. Pili, tupewe zoezi la utunzi: wasia kwa mume ambaye mkewe ameambiwa saratani imefika mifupani. Mwandishi atalazimika kutafuta maneno ya mambo ambayo Kiswahili cha vitabuni hakijayazoea. Dawa hii inalenga nini? Tusipoitumia, nini hufuata? Wewe unataka siku zako ziwe za namna gani? Nani aambiwe, na nani asiambiwe bado? Sisi tunaosoma Kiswahili katika nchi ambako wengi hawakunyonya lugha hii kwa mama, ndio tutakaoitwa kutafsiri katika vyumba hivyo. Itafaa tukifika huko tuwe tumekwisha kuyatamka maswali hayo, na tuwe tumezoea kusubiri jibu la mwenye kitanda.